Walioamka Wakiuliza Mbuzi

Jumapili, 3 Machi 2019

Emérence, Ggaba si Ulaya. Ni taksi mbili tu: moja inakushusha Kampala mjini, ya pili inakuleta Bwaise. Samaki wa Ggaba wanafika hapa kila asubuhi wakiwa wamekufa, wewe mwenye miguu na uhai unashindwa. Mara ya mwisho ulipokanyaga mlango wangu, Darlène, binti wa marehemu kaka yako Guerschom, alikuwa bado anavaa sare ya shule. Leo ni daktari, wauguzi wanamsalimia kwanza. Unapiga simu, ndiyo. Simu haina uso. Mama hazai simu.

Basi nimeanza kuandika. Shule sikukanyaga, unajua, na herufi nilifundishwa na mama mchungaji nikiwa tayari na mvi, nipate kujisomea Zaburi bila kumsumbua mtu. Ukikuta kosa humu, liruke kama tunavyoruka mitaro. Siku utakayokuja nitakupa daftari hili ulisome mbele yangu, usije ukasema hukuambiwa.

Mvua imeanza leo, wakati wa mahubiri. Mchungaji akapaza sauti, mabati yakamshinda.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Sombe ninayouza, majani ya muhogo niliyotwanga, haikupata mnunuzi. Tumeila wenyewe.

Jumamosi, 9 Machi

Darlène amekuja kutoka hospitali, macho yanawaka. Nilidhani ni mwanamume. Ingekuwa heri.

"Koko, bibi yangu, nataka kuwa daktari wa ubongo."

"Si umekwisha kuwa daktari? Tulichinja kuku."

"Mimi ni daktari wa kila kitu, Koko. Sasa nataka ubongo na mishipa yake tu."

Emérence, nilikaa chini. Kumbe mtu anasoma mwili mzima miaka yote ile, halafu anarudi mwanzo kusoma kichwa peke yake. Nikamuuliza, huko kichwani kuna nyumba ngapi za kusafisha mpaka wahitaji miaka mingine? Akacheka. Akaniambia madaktari wa namna hiyo ni wachache katika nchi hii hata wote wanajuana kwa majina, na wagonjwa wao wamejaa mpaka vijijini. Sikuamini. Watu wote hawa wenye vichwa, na wa kuvitibu wanajuana kwa majina.

Sasa kuna nafasi. Nafasi moja. Anayeipata analipwa miaka miwili afundishwe utafiti, yaani afundishwe kuuliza maswali na kuyapima majibu. Kisha anapelekwa nje kujifunza mashine ya waya zinazobandikwa kichwani, zikasoma mambo ya ndani bila kisu. Akirudi anafundisha wengine. Ana mkubwa wake anayemshika mkono katika kazi hiyo, Dokta Ongom, mtu wa Gulu. Anamwita mlezi wake. Nikamwambia, "Mlezi? Na mimi niliyekufuta makamasi ninaitwa nani?"

Lakini nafasi haitolewi bure. Kabla mwezi wa tano haujaisha lazima aonyeshe utafiti mdogo wa kwake mwenyewe. Amechagua sisi, Wakongomani wa Bwaise. Atapita nyumba kwa nyumba ajue ni wangapi wana kifafa, na kama wanapata dawa. "Nikikuta wengi wasiotibiwa, Koko, hapo andiko langu litakuwa na miguu."

Alipotaja kifafa niliinuka kwenda kuangalia jiko. Jiko lilikuwa halina moto. Wewe unajua kwa nini niliinuka. Uliniapisha, nami nimeshika.

Alhamisi, 14 Machi

Amezunguka siku nzima kwenye matope na mwenzake mmoja mwenye karatasi. Milango yote inafunguka, midomo yote inafungwa. Fundi Bisimwa, wa cherehani ya pale kwenye kona, amemjibu, "Daktari, kifafa? Sisi hapa hata mafua hatuna." Watu wakacheka. Darlène naye akacheka, lakini nilimwona akiosha viatu: alikuwa anavisugua kama vimemtukana.

Jumapili, 17 Machi

Leo nimemsaidia mjukuu wangu, na nimeshiba kwa furaha.

Baada ya ibada niliwakusanya wanawake kwangu. Wewe ulipita ofisi ya wakimbizi kama sisi sote, unajua desturi. Mtu haendi kwenye mahojiano mikono mitupu. Wanawake wanakaa nyumbani kwako, mmoja anakuwa afisa, wewe unakuwa wewe, mnakariri kesi mpaka ishike: nani aligonga mlango, mlikimbilia upande gani, mvua ilinyesha au haikunyesha. Si uongo huo. Ni kwamba afisa atakuuliza leo, atakuuliza mwaka ujao, na mvua ikikauka katikati, faili lako limekufa. Mimi mwenyewe nimewafundisha wengi, na wengine leo wanakanyaga theluji ya Kanada.

Basi nikasema maswali ni maswali. Darlène anataka wenye kifafa wengi. Nitampa.

Nikawafundisha. Nikawaambia: kwanza mtu anasikia harufu ya kitu kinaungua, na hakuna kinachoungua. Kisha mkono wa kushoto unajikunja, unakaza, kama umebeba kikapu. Wa kulia unachuna nguo. Macho yako wazi lakini mwenye nyumba ametoka. Ndipo anaanguka. Na anapoamka, kabla hajajua jina lake, anauliza, "Mbuzi amerudi?"

Annick, yule muuza vitenge mwenye sauti, akauliza, "Koko, mbuzi wa nini?"

"Usiulize. Ndivyo ugonjwa ulivyo."

"Na hii itatupeleka Kanada?"

"Haimpeleki mtu popote. Ni ya kumsogeza mjukuu wangu."

Wakatazamana. Nikajua wanadhani nimeficha ndege chini ya kitanda. Sikujisumbua kuwabishia. Annick akawa afisa, akakunja uso kama amekalia msumari, akawauliza mmoja mmoja. Mpaka jioni hakuna aliyekosea.

Jumamosi, 23 Machi

Darlène amepiga simu. "Koko, sijui imekuwaje, watu wamefunguka." Nikamwambia Mungu ni mwema.

Jumamosi, 30 Machi

Mfereji umefurika, maji yameingia mpaka kwenye miguu ya kitanda. Tumepandisha magodoro juu ya meza. Bisimwa alikuja kubeba gunia langu la mkaa kichwani, anaimba ndani ya maji kama mtu wa kubatizwa. Nina bahati ya majirani.

Jumamosi, 6 Aprili

Annick ameharibu kidogo. Alipofika mahali pa kuanguka, ameanguka kweli kutoka kwenye kiti, mbele ya Darlène na mwenzake, na kitenge kipya. Akaamka akauliza mbuzi kwa sauti ya kwaya. Nimemgombeza. Nikamwambia, "Uliambiwa useme, nani alikuambia ucheze?" Akasema, "Koko, hadithi bila mwili haiaminiki."

Maji yamepungua. Tope limebaki, linanuka.

Alhamisi, 11 Aprili

Emérence, soma ukurasa huu ukiwa umekaa.

Darlène amekuja leo bila kupiga simu, katikati ya wiki, mvua juu yake. Hakuvua viatu. Aliketi kwenye kigoda, akaweka mfuko wake magotini, akaniangalia kama mtu anayeangalia kidonda.

"Koko, nataka kukuuliza kitu. Bwaise kuna mbuzi wangapi?"

"Mbuzi? Katika maji haya?"

"Basi mbona watu wangu wote wanaamka wakiuliza mbuzi?"

Nikasema labda ndivyo ugonjwa ulivyo.

"Hapana, Koko. Ugonjwa hauko hivyo. Kifafa kina sura nyingi. Mmoja anatikisika, mwingine anakodoa macho tu, mwingine anatafuna bila chakula. Hakuna mtaa duniani ambao wote wananusa harufu moja, wanakunja mkono mmoja na kumuulizia mbuzi mmoja."

Mwanangu, miaka yote hii nilidhani kila mwenye kifafa huuliza mbuzi. Nilikuwa nimekuona wewe tu. Siku ile ya kwanza ulipoanguka ukiwa mtoto, mbuzi wetu alikuwa amekata kamba, ulikuwa unamtafuta. Tangu hapo ukiamka ulikuwa unamuulizia, hata baada ya kuvuka mpaka, hata hapa Kampala mjini. Nilidhani ni kitu cha ugonjwa wenyewe, kama kikohozi kilivyo cha kifua.

Nikamwambia ukweli. Si wote. Nilimwambia ni mimi niliyewafundisha, kwa sababu alisema anataka wengi.

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Koko," akasema, "sikutaka wengi. Nilitaka walioko. Hata kama ni mmoja." Kisha akaniambia kazi yote ya wiki zile imekwisha. Haiwezi kuonyeshwa popote. Na jopo la kuchagua linakaa mwezi ujao.

"Nani atajua?" nikamwambia. "Yule mbuzi mfute. Acha mmoja akiuliza mbuzi, mwingine mpe kuku."

"Nitajua mimi."

"Wewe ni mmoja. Mwenzio anayegombea nafasi hiyo, yule Mkenya Akech, unadhani yeye hana bibi?"

Hapo akacheka, machozi yanatoka. Nilidhani tumefika mwisho wa mambo. Kumbe ndiyo kwanza tunaanza. Alivuta kigoda karibu, akanishika kichwa, hapa upande wa kulia, juu kidogo ya sikio, kwa vidole viwili.

"Koko, yule mtu tatizo lake linaanzia hapa."

"Mtu gani?"

"Uliyemsimulia. Hadithi hiyo hukuitunga. Hakuna asiyesoma vitabu vyetu anayeweza kutunga harufu ile, halafu mkono wa kushoto ukakaza na wa kulia ukachuna nguo. Mkono wa kushoto unatawaliwa na ubongo wa kulia. Huyo mtu yupo. Umemwona mara nyingi."

Emérence, nilipigwa na butwaa. Mtoto niliyemfundisha kuvaa kandambili amekaa Bwaise, amesikia maneno ya Annick muuza vitenge, na ameona mpaka ndani ya kichwa chako kilichoko Ggaba. Mungu naye amepitisha waya zake msalaba, za kushoto kulia, za kulia kushoto, wala hakuniambia.

"Ni nani, Koko?"

Nikainuka kwenda kuangalia jiko.

"Anameza dawa?"

Nikapuliza majivu.

"Kifafa cha namna hii wengi wao hutulia kwa vidonge. Vidonge vya kawaida, vinapatikana hapa hapa mjini. Asipotibiwa, siku moja ataangukia moto au maji. Niambie tu kama yuko hai."

"Yuko hai," nikasema. "Na anakaa karibu na maji."

Aliondoka bila kula. Na mimi nimebaki nimeshika kichwa changu upande wa kulia. Tulikupeleka kwa waombaji, tukakupeleka kwa mchanja dawa, tukakunywesha maji yaliyosomewa. Hakuna aliyeuliza mkono gani.

Jumamosi, 13 Aprili

Amekwenda kwa Dokta Ongom kujisema mwenyewe. Nilimzuia mlangoni, nilisimama na ufagio kama askari. Nikamwambia, "Wewe ni mtoto wa mkimbizi. Mkimbizi akisema kesi yake ina ufa, faili linafungwa, halifunguliwi hata akilia damu." Akauinua ufagio taratibu, akapita chini yake.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua ya mawe. Hakuna habari.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Hakuna habari. Sikuweza kuimba.

Jumatano, 24 Aprili

Dokta Ongom amekuja hapa. Mwenyewe, kwa bodaboda, suruali imepakwa tope mpaka magotini. Mrefu, anainama kuingia. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilivaa kitenge changu cha kuzikwa nacho.

"Mama, samahani, hii Kiswahili yangu ni ya barakani, ya kambi ya jeshi. Baba alikuwa askari."

"Ya barakani ina mijeledi. Anza tu."

Akacheka, akakaa kwenye gunia. Akataka nimweleze jinsi tunavyofundishana kesi. Nikamweleza. Hakuandika kitu, alisikiliza tu, mikono katikati ya magoti. Akauliza, "Kwa hiyo mutu akija na maswali, nyinyi munafikiri anatafuta nani wa kuondoa?"

"Tunafikiri anatafuta nani wa kuchagua. Ni kitu kimoja."

Akasema majibu yote ya kwanza yametupwa, na jopo limeelezwa ni kwa nini. Nikauliza, faili la mtoto limefungwa? Akanitazama kama hakuelewa.

"Faili gani, mama? Yeye amekosea, amesema, sasa anaanza tena. Mimi pia nilikosea mara moja. Nilipima watu na mashine mubovu mwaka muzima."

"Na hawakukufukuza?"

"Walinipa mashine mupya na matusi kidogo."

Emérence, hili limenishtua kuliko mbuzi. Kuna mahali duniani mtu anasema, "Hesabu yangu ni mbovu," na anaambiwa, haya, hesabu tena. Nimeishi mpaka mvi zikanijaa sijawahi kuketi kwenye ofisi ya namna hiyo.

Lakini hakunificha: nafasi ya mwaka huu sasa iko mbali na Darlène. Muda uliobaki ni mdogo. "Na mama," akasema akiinama kutoka, "safari hii, tafadhali, usisaidie."

Jumapili, 28 Aprili

Nimesaidia. Kidogo tu.

Nilimwomba mchungaji dakika za matangazo. Nikasimama mbele na mguu wangu mbovu. Nikasema: "Yale niliyowafundisha mtupe. Hakuna ndege, hakuna Kanada, hakuna sukari ya msaada. Yule mtoto anatafuta walio wagonjwa kweli, kwa sababu ugonjwa huu una dawa, na hauambukizi kwa sahani wala kwa mate. Mliovunja vikombe walivyonywea wagonjwa, mnajijua. Mimi ninamjua mtu aliyehama kwa sababu ya kikombe."

Samahani. Sikutaja jina. Wakubwa wa kwaya, wale waliokuwako kwenye ile arusi ulipoanguka karibu na keki, waliangalia sakafu. Mama aliyevunja kikombe chako alikuwa safu ya pili. Sikumwangalia. Nilimwangalia kidogo.

Hakuna aliyesema amina. Tulitoka kwenye mvua kama watu wa msiba.

Jumamosi, 4 Mei

Darlène amepita nyumba zote upya. Waliokuwa wanaamka wakiuliza mbuzi wote wamepona. Annick amemwambia, "Daktari, mimi nimeombewa."

Hakupata mgonjwa hata mmoja. Amekula ugali wote. Kula kwake hivyo kumenitisha kuliko angekataa.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua imepungua, jua limetoka kidogo. Nilikwenda kwa Bisimwa kushona kitenge kilichopasuka. Nikamkuta Darlène amepita kumsalimia, viatu mkononi. Bisimwa alikuwa anapiga pasi. Pasi yake ya mkaa, unaikumbuka.

Akamwambia Darlène, bila kuinua macho, "Daktari, kile kifafa kinachotafutwa lazima mtu aanguke?"

"Si lazima."

"Kama mtu anasimama tu. Anashona, halafu anasimama, na nguo inaendelea kwenda peke yake mpaka uzi unaisha. Watu wanamwita, hasikii."

"Mara ngapi, fundi?"

Akakunja mkono wa shati. Makovu, Emérence. Moja juu ya jingine, yenye umbo la pasi, kuanzia kiwiko mpaka kifundo. Miaka yote hii anavaa mikono mirefu kwenye joto, mimi ninamtania kwamba ni bwana harusi asiye na bibi harusi. Ananiambia ni ajali ya kazi. Niliamini. Ni mtu aliyebeba mkaa wangu ndani ya mafuriko, naye angeweza kusimama vile, katikati ya maji, asinisikie.

"Mbona ulisema hata mafua hamna?" nikamuuliza. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Mama mkubwa, nani angeniletea nguo ya kushona?"

Darlène akaketi chini sakafuni, penye vipande vya nguo, akamwambia, "Anza mwanzo, fundi. Kwa maneno yako. Ukisahau, sema umesahau." Akasimulia polepole. Alijichanganya, akarudi nyuma, miaka ikagongana. Kwenye ofisi ya wakimbizi angeshindwa kabla ya chai. Na mtoto wangu anatingisha kichwa kwa kila kosa kama mtu anayepewa zawadi.

Mimi nilitoka nje. Nimewafundisha watu wengi kusema bila kukosea. Leo nimesikia jinsi kweli inavyosemwa, na sikuitambua mpaka nilipoiona mkononi.

Alhamisi, 16 Mei

Bisimwa alizungumza na wawili. Hao wamezungumza na wengine. Mwanamke mmoja amemtoa binti yake kwenye chumba cha nyuma, msichana mkubwa, hatukujua kama ana binti. Wanakuja kimya, mmoja mmoja, wanajifanya wanakuja kununua sombe. Nimeuza sombe kama sijawahi kuuza.

Jumamosi, 25 Mei

Jopo limekaa. Nafasi amepewa Akech.

Darlène alinieleza akiwa amesimama. Walimsikiliza vizuri, walimuuliza sana habari ya hesabu ya kwanza, akawaeleza yote, mbuzi na bibi yake pamoja. Mmoja alicheka mpaka akavua miwani. Lakini hesabu ya pili bado ni changa, na Akech alikuwa na kazi kamili ya wagonjwa wa kiharusi. "Kazi yake ni nzuri, Koko. Ningekuwa mimi kwenye jopo, ningempa yeye."

Nilianza kulaani. Akaniziba mdomo kwa kiganja, mkono ule ule uliogusa kichwa changu. Tukakaa hivyo. Mimi ndiye niliyemkosesha, Emérence, kwa mapenzi yangu na ujuzi wangu wa zamani. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ndiyo, Koko." Hakunipaka sukari. Kisha akalaza kichwa magotini pangu, daktari mzima.

Jioni alikwenda kwa Akech kumpongeza. Alibeba sombe yangu. Nilipakua kidogo, nikaona aibu, nikaongeza.

Jumapili, 2 Juni

Mvua zimekwisha. Matope yameanza kukauka, watoto wanachimba samani za watu mtaroni.

Dokta Ongom hajamwachia. Hesabu inaendelea kiangazi chote, ataomba tena mwaka ujao, na hata asipopata, hao waliokwisha kupatikana hawatarudishwa vyumbani. Kila Jumamosi asubuhi amepewa ile mashine ya waya, kliniki ya chini barabarani, ajifunze kuisoma akiwa na mkubwa pembeni. Bisimwa amepimwa jana. Ameanza vidonge. Pasi amempa mke wa jirani ampigie.

Darlène hajaniuliza tena yule mtu ni nani. Jana tu, akifunga mfuko wake, alisema, "Koko, yule wa karibu na maji, mwambie sihitaji kumhesabu. Nataka kumtibu." Akaenda.

Nimekaa na maneno hayo tangu jana. Niliapa nisiseme, na sijasema. Lakini hadithi yako imekwisha kupita kwenye midomo ya nusu ya kanisa, bila jina, na aliyeielewa ni mtoto wa kaka yako peke yake. Wote walicheka mbuzi. Yeye hakucheka.

Usije kwa ajili ya kazi yake. Kazi yake itatafuta njia. Njoo kwa ajili ya kichwa chako, na kwa ajili yangu mimi ninayelala nikiyasikia maji ya Ggaba kutoka huku Bwaise.

Ukurasa huu hautangoja ufike: ukipiga simu nitakusomea. Njoo Ijumaa, siyo Jumapili, usikutane na kwaya. Jina lako utamtajia Darlène wewe mwenyewe. Mimi nitakaa nje. Usiku huo hatutalala sana, Darlène anasema mashine ya Jumamosi asubuhi inapenda mtu mwenye usingizi, basi tutapiga soga mpaka jogoo awike, tuna mengi. Fumua hizo rasta kabla hujapanda taksi. Osha nywele kwa sabuni, mara mbili, na usipake mafuta hata tone, maana waya hazishiki kwenye mafuta. Ukiona aibu njiani, funga kitambaa. Ukifika mlangoni kwangu, kifungue.